Moshi wa Pumba Upande Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Vipele vipya shingoni na nyuma ya masikio. Nimepaka tena ile losheni ya rangi ya waridi niliyonunua Iringa mjini. Imekauka na kupasuka kama tope la jaruba la mpunga, na vipele viko pale pale. Nimekwenda kazini na blauzi ya mikono mirefu, soksi nene na ndala za ngozi. Katibu wa chama cha umwagiliaji ameniangalia miguu.

Visubi. Mbu ninamjua. Mbu anapiga kelele, unajua yuko wapi, unaweza hata kumchukia uso kwa uso. Kisubi hasikiki. Ni nukta. Ukiona nukta inatembea mkononi, ujue ameshakula. Kwetu Kilolo baridi inawamaliza wadudu wa namna hii kabla hawajazaliwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Ninaandika zamu za maji. Wakulima wanakuja dirishani kuuliza mfereji utafunguliwa lini upande wao, ninawaambia, wanabishana, ninarudia. Lakini foleni kubwa ni ya jioni, na visubi hutoka majarubani jioni, jua likishapoa. Leo nimejikuna mbele ya watu mpaka kalamu imeanguka.

"Karani huyu wamemleta na damu ya sukari," mmoja akasema. Wakacheka wote.

Mwingine akanionea huruma: "Utazoea, dada."

Utazoea. Kila mtu hapa Ubaruku ananiambia neno hilo. Ningekuwa na uwezo ningelifuta kwenye Kiswahili.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kwamba chandarua hakisaidii. Nimelala ndani yake nimekichomeka vizuri chini ya godoro, nimeamka nimeumwa mgongo mzima. Nimekiinua kwenye mwanga nikavitazama vitundu. Kisubi anapita hapo bila hata kuinama.

Nimefunga dirisha. Joto. Nikitoka jasho wanazidi. Nikifungua dirisha wanaingia. Sijui wanataka nifanye nini.

Mama amepiga simu. Tumesalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, habari za huko. Nimesema nzuri. Ameniambia Baba amesimama kanisani Jumapili kutoa shukrani kwa ajili ya kazi yangu, na mchungaji akanitaja jina. Kwa hiyo siwezi kurudi. Ninaandika hapa kwa sababu sina pa kusema: ninataka kurudi.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani yangu simwelewi.

Nyumba tuliyopanga ina milango miwili kwenye kibaraza kimoja, mmoja wangu, mmoja wa mama mmoja wa makamo anayeuza maandazi na chai karibu na mashine ya kukoboa. Anaitwa Mama Sekela. Anaishi peke yake. Kila jioni nikirudi anakuwa amekaa mlangoni, ananiangalia machoni, anasema:

"Ugonile?"

Hilo neno Kihehe tunalo. Ni kuuliza mtu kama amelala. Sasa mtu anarudi kazini jua halijazama bado, unamuuliza amelala? Mimi hujibu shikamoo, naye huitika marahaba, halafu anabaki ananitazama kama anasubiri kitu. Ninaingia ndani ninafunga mlango.

Ukuta kati yetu ni wa tofali moja. Lazima ananisikia ninavyojikuna na kugeukageuka. Ananiuliza kwa sababu anajua silali.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa na moshi.

Ana karai bovu. Analijaza pumba za mpunga kutoka mashineni, anatupia makaa juu, zinafuka taratibu bila moto mpaka giza linaingia. Watu wengi hapa hufanya hivyo. Sikatai. Lakini kibaraza ni kirefu, na yeye analiweka karai chini ya dirisha langu. Dirisha lake liko wazi. Langu ndilo linalojaa moshi. Nguo zangu zote zinanuka. Leo nimefunga dirisha kwa nguvu ili asikie.

Amesikia. Hakuondoa karai.

Nimekaa ndani kwenye joto nimevaa soksi na kitenge kichwani. Sijazungumza na mtu tangu mchana. Ninasikia watu wanapita, wanacheka, mtoto anaitwa kula. Nimefikiria kwamba nikipiga kelele humu hakuna atakayejua ni sauti ya nani.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekaa nyuma. Wakati wa kushikana mikono mama mmoja ameuona mkono wangu, vidonda nilivyovikuna, akanishika ncha za vidole tu. Sikungoja matangazo.

Jioni: "Ugonile?" Sikujibu hata shikamoo. Nimejisikia vibaya, lakini sikurudi nje.

Jumanne, 11 Machi

Katibu ameniita. Ni mtu mpole, na hilo linanitisha zaidi. Amesema kipindi changu cha majaribio bado kinaendelea na wakulima wanalalamika kwamba karani anafunga dirisha mapema. Ni kweli. Jana nimefunga wakati watu bado wamesimama. Nilikuwa sioni herufi kwa kuwashwa.

Nimemweleza kuhusu visubi. Amecheka kidogo, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

"Sisi tumezaliwa nao, binti. Jipake mafuta ya kula, wanateleza."

Nimenunua mafuta ya alizeti. Nimejipaka. Vumbi lote la ofisi limenishika. Nimekuwa kama andazi lililoanguka chini. Wameuma kidogo zaidi ya nusu ya kawaida. Sijui kama huo ni ushindi.

Alhamisi, 13 Machi

Jicho la kushoto linawasha tangu asubuhi. Kisubi ameuma kwenye kope. Nimejizuia kulisugua mpaka saa za chai, halafu nikalisugua mno.

Nimekumbuka kitu na sasa siwezi kukisahau. Shuleni tulifundishwa ugonjwa wa usubi. Inzi wadogo wanauma watu karibu na maji, mtu anawashwa ngozi miaka na miaka, mwisho anapofuka. Picha ilikuwa ukutani bwenini: mzee anaongozwa kwa fimbo. Usubi. Visubi. Wadogo. Karibu na maji. Kuwashwa.

Sina wa kumuuliza. Kazini watacheka. Nikimwambia Mama hatalala.

Ijumaa, 14 Machi

Jicho limevimba na kujifunga. Nimefumbua kwa vidole, ninaona ukungu, sijui ni ukungu au machozi. Nimewaomba ofisini ruhusa kwa meseji. Nimelala kutwa nzima nimefunga dirisha, ninafumba jicho zima na kufumbua lile bovu, ninasoma maandishi kwenye boksi la losheni. Kila mara ninaona kama yamepungua.

Ninaogopa. Sina neno zuri zaidi. Ninaogopa sana.

Moshi umekuja jioni kama kawaida. Mlango umegongwa mara moja, polepole. Sikufungua.

Kesho ninaondoka. Gari la asubuhi mpaka barabara kuu, pale nitapata basi la Iringa. Nitamwambia Baba ukweli. Mchungaji atanitaja tena kama anataka. Afadhali aibu nikiwa ninaona.

Jumamosi, 15 Machi

Sijaondoka. Niandike yote kama yalivyokuwa.

Nimetoka na begi mapema, leso kwenye jicho. Nilitaka kupita kabla Mama Sekela hajaamka, nikasahau kwamba muuza maandazi haamki, anakuwa ameshaamka. Alikuwa anapepea mkaa. Akaona begi. Akasimama. Akasema taratibu kuliko siku zote:

"Ugonile, mwanangu?"

Sijui kilichonipata. Nilipiga kelele pale kibarazani, Kihehe na Kiswahili vimechanganyika, mimi niliyepata alama nzuri ya lugha.

"Sijagona! Tangu nifike sijagona, na wewe unajua! Unanisikia ukutani! Kila siku umelala, umelala, na moshi juu! Umefurahi sasa? Naenda kwetu. Kipofu!"

Mama Sekela alibaki na kipepeo cha mkaa mkononi. Nikamwona anahesabu maneno yangu moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Kisha akauliza:

"Kwani wewe si Mnyakyusa?"

"Mhehe. Wa Kilolo."

"Mhehe!" Akakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mhehe jamani! Na mimi nimetafuta siku zote hizi nimekukosea nini!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta kwa kanga, kisha nikaona machozi mengine si ya kicheko. Nikabaki nimesimama na begi.

Ameniambia hivi. Mwenye nyumba alimwambia kwamba anakuja mpangaji, karani, "binti wa kwenu huko kwenye baridi." Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Kwa mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa huku bondeni, baridi ni moja na watu wake ni wamoja. Mama Sekela akafurahi. Tangu ahamie huku hana wa kusemezana naye kwa lugha yake, isipokuwa kwenye simu na binti yake Sekela, anayesoma Uyole. Na kwao "ugonile" ndiyo salamu. Asubuhi, mchana, jioni. Haiulizi kitu. Ni kama habari gani.

"Nakusalimia, wewe unanipa shikamoo baridi kama unamsalimia polisi. Nikasema ndiyo hawa waliosoma. Wanaficha lugha yao."

"Na moshi?" nikauliza. Nilikuwa bado nina hasira kidogo, sikutaka ziishe zote mara moja.

Akaninyooshea majarubani, upande upepo unakotoka jioni. Visubi wanatoka kule. Dirisha langu ndilo la kwanza wanalolikuta, lake liko nyuma ya ukuta. Ndiyo maana aliliweka karai pale. Mpangaji aliyenitangulia alimwomba, na yeye akaona na mimi nitahitaji.

"Nawe unafunga dirisha! Nikasema basi huyu anawapenda visubi wake."

Nimekaa kwenye begi. Nilijihisi mjinga kiasi kwamba hata kuwashwa kulikoma kwa muda.

Maandazi ameyaacha kwa jirani wa mbele, akanipeleka zahanati. Njiani ananishika kiwiko kweli kama anaongoza kipofu, na anamsimulia kila tunayekutana naye. "Huyu Mhehe. Wafungeni mbwa, wasije wakaliwa!" Mnyakyusa na Mhehe ni watani, na watani hawana huruma. Nikamwambia nao Wanyakyusa wafiche ndizi zao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya utani Ubaruku.

Mganga wa zahanati ni mtu mzima wa taratibu. Ameniangalia jicho kwa tochi, amenisomesha herufi ukutani, akasema jicho lenyewe halina kitu. Kope imevimba kwa kuumwa na kwa kucha zangu. Amenipa dawa ya kupaka na amenikataza kulisugua. Nimemuuliza kuhusu usubi. Nilimuuliza kwa sauti ndogo. Hakucheka.

"Wale wa upofu wanapenda maji ya mbio, ya kwenye mawe. Haya ya majarubani yamelala."

Mama Sekela akadakia: "Maji yamelala, mwenyewe hajalala!"

Hapo mganga akacheka. Na mimi pia. Jicho liliuma kwa kucheka.

Jumapili, 16 Machi

Uvimbe umepungua. Ninaona. Nimesoma zaburi nzima kwa jicho la kushoto peke yake, ili kuhakikisha.

Wameuma kama kawaida.

Jumanne, 18 Machi

Nimerudi kazini. Nimemwomba Katibu niweke karai la pumba chini ya dirisha la ofisi nyakati za jioni. Ameruhusu, ila mbali na makaratasi. Foleni imekaa ndani ya moshi inakohoa. "Karani anatukausha kama samaki," wamesema. Hata hivyo sikufunga dirisha mpaka mtu wa mwisho.

Jumamosi, 22 Machi

Nimenunua pazia jepesi sokoni, lile la kuona upande wa pili, nikalishonea ndani ya chandarua. Nimeshona kwa mkono siku nzima. Vitundu sasa ni vidogo sana, na joto ndani yake ni kubwa sana. Nimemshonea Mama Sekela pia. Amelitazama akasema ni kama chumba cha bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe mwaka huu anaingiza jino la bandia.

Bado ninaamka nikijikuna, ila kidogo. Ninajua sasa kwamba naye upande wa pili anajikuna. Hajazoea. Amekiri mwenyewe. Amekaa huku tangu Sekela akiwa shule ya msingi na hajazoea hata siku moja.

Sijui kwa nini hilo limenituliza kuliko dawa.

Jumamosi, 29 Machi

Mama Sekela amekwenda Uyole kumwona binti yake. Alisema atarudi leo kwa gari la mwisho kutoka Chimala, kama halitaharibika.

Nimefua. Nimempigia Mama simu, nimemwambia kuhusu visubi na jicho, yote. Akasema nisimwambie Baba, yeye atamwambia kwa maneno yake. Nilipokata simu nyumba ilikuwa kimya sana.

Nimerudi kutoka sokoni jioni na hakuna aliyeniuliza kama nimelala. Mlango wake una kufuli. Nimesimama kibarazani muda, nikajisikia vile vile kama wiki zile za kwanza, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Halafu upepo ukageuka. Mara nyingi unatoka majarubani. Leo unatoka barabarani, na dirisha la kwanza watakalolikuta visubi ni lake.

Nimejaza pumba kwenye karai, nimetupia makaa. Zimechukua muda kushika. Nimeketi kwenye ndoo yake, macho yananitoka machozi, ninasikiliza magari.

Karai nimeliweka upande wake.