Fungu la Karata la Shemeji

Mpwa wangu mtoro,

Mjomba wako ndiye bingwa wa ule mchezo mpya wa karata uliotutumia. Haya, naongopa. Sijashinda hata mara moja.

Kila mtu huanza na karata hafifu zilezile, kisha hununua kali na kulinenepesha fungu lake. Siku ya kwanza tulikaa mimi, fundi viatu na kinyozi; kinyozi, kwa mazoea ya enzi tulipokuwa wanne, akamgawia na marehemu baba yako. Nani angekuwa na moyo wa kuzirudisha? Tangu hapo tunamchezea sisi: tunafunua karata zake na kumnunulia yoyote iliyo karibu. Na anatufunga kila Jumamosi!

"Shemeji, hata kaburini unaiba?" nilimtania juzi. Tukacheka. Halafu sote tukakigeukia kiti chake kama watu wanaongoja jibu. Fundi viatu aliondoka bila kuaga. Kinyozi naye kaapa hakanyagi tena kwangu.

Fungu lake lipo bado mezani. Naogopa kuligusa.

Ulipovunja kioo cha dirisha, nilimwambia baba yako ni mimi. Sasa ni zamu yako kunilipa: njoo Jumamosi, kaa kwenye kile kiti, uzicheze karata zake, na tafadhali ushindwe, wenzangu warudi.

Mjomba wako anayeshika mkia