Madini Yamo, Ila Yamekumbatiana

Manundu, Korogwe,
9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Sharifu,

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako ipo njiani. Habari za huko Ujerumani na baridi yake? Kifua kimepona, au bado unatoka bila kofia ukijiona mwenyeji? Sisi tu wazima, alhamdulillah. Mama anatembea mpaka sokoni bila mkongojo. Jua limekaza, bati la gereji linalia mchana kutwa, lakini mahindi ya vuli Kwashemshi yametoka vizuri.

Nina lalamiko, nalisema mapema lisije likachacha. Ulipokuja Idi ile ya mwisho nilikuuliza unasomea nini hasa. Ukaniambia ni mambo ya maabara, nitachoka bure. Sharifu, gereji hii nimeianza na spana za kuazima. Eksozi nafungua kila siku. Kumbe unachosomea kimo humo humo, nami nakichomelea bila kujua.

Basi yakanikuta. Joseph, mfugaji wa Mazingara anayebeba mbuzi kwa pikapu, aliniletea eksozi inayovuja. Nikaifungua, nikachomelea, nikamrudishia. Siku chache baadaye taa ya injini ikawaka, moshi ukanuka. Fundi mmoja wa Handeni akambadilishia plagi, taa isizime, akamwambia mimi nimechota madini ya kwenye sega, lile la ndani ya eksozi linalosafisha moshi. Unajua masega yanavyotafutwa siku hizi. Na katika kila magari kumi ninayotengeneza, saba ni ya wafugaji. Jina langu likioza kwao, nifunge gereji nikauze maandazi.

Alikuja na mkewe Siamanta, wakakaa kwenye benchi langu bila salamu. Nikamwita mnunuzi wa masega mwenye mashine ya kupimia, tukalikata sega la Joseph mbele yao. Mashine ikaonyesha madini yamo, kiasi kile kile cha sega zima. Nikadhani nimeokoka. Joseph akanitazama, akauliza taratibu:

"Kama yamo, mbona hayafanyi kazi?"

Nikamwomba arudi kesho yake. Hiyo ndiyo siku niliyokupigia simu nikakufokea.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza huku nakanda unga wa chapati. Ukasema chembe za platinamu, ndiyo madini yenyewe, hutawanywa juu ya ule udongo mweupe uliopakwa kwenye sega, mnaouita oksidi. Ni ndogo kuliko vumbi, na joto likizidi zinatambaa, zinakutana, zinaungana. Nikapiga hesabu kwa matonge. Matonge manane yaliyo sawa, ukiyafinyanga yawe tonge moja la mviringo, unga ni ule ule, lakini ngozi ya nje inabaki nusu. Na moshi unasafishwa kwenye ngozi ya nje tu. Nilibaki nimeshika tonge, chapati inaungua.

Joseph aliporudi na mkewe nikataka kumpa hesabu hiyo kwa mbuzi. Nikamwuliza ana mbuzi wangapi. Nyuso zao zikafunga kama mlango. Miaka yote hii naishi na wafugaji, nikasahau kwamba mifugo haihesabiwi kwa mdomo! Nikaomba radhi. Mimi kueleza jambo bila namba ni mateso, lakini nikaanza upya. Nikasema mbuzi wakitawanyika porini, kila mdomo unapata jani. Jua likichoma, wote wanakwenda kubanana kwenye kichaka kimoja. Hakuna aliyeibwa. Lakini nani anakula?

"Wa pembeni," akasema Siamanta. "Wa katikati analamba mkia wa mwenzake."

Joseph akacheka mpaka akashika goti. Kisha akataka kujua nani aliyewasha hilo jua ndani ya sega. Nikamwuliza kama gari lilikuwa linatetemeka kabla ya taa kuwaka. Akakiri: tangu Mazingara mpaka gulio la Mnyuzi, plagi moja imekufa, naye hakusimama, maana mbuzi wakisimamishwa juani ndani ya gari wanakufa. Petroli iliyoshindwa kuungua kwenye injini ikaenda kuungulia kwenye sega. Akaniambia, "Mama, mikono yako ni safi. Nitalisema hili mnadani."

Na amelisema. Nimemfungia sega jingine, taa imezima. Juma hili wamekuja ndugu zake wawili, magari yanaanza tu kutetemeka; hawakungoja mpaka yaungue. Yule fundi wa Handeni bado hajaniomba radhi. Namngoja.

Siamanta ndiye aliyenibana mwisho. Aliuliza kama mbuzi wale waliobanana wanaweza kurudishwa malishoni. Nikamweleza ulivyoniambia, kwamba kwenye oksidi nyingine joto hilo hilo, likipata hewa ya kutosha, huweza kuzitawanya chembe upya, na kwamba nina mdogo wangu Ujerumani anayehangaika na hilo usiku na mchana. Akasema, "Kumbe naye ni mchunga mbuzi."

Basi watu wakiniuliza unasomea nini, nawajibu hivyo, nao wanaelewa.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Mustafa, na Yusra anayeuliza theluji ina ladha gani. Mungu akulinde na akuzidishie subira katika kazi yako.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapofoka,

Zamda