Picha ya Kisasi Bandani

Musoma, Jumapili

Ni mimi niliyempeleka. Nilidhani picha ya kauboi itamtoa Magesa kwenye mawazo, maana tangu wezi wa ng'ombe wamuue baba kule Mugeta, mdogo wangu haongei wala hacheki.

Banda la video lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, sikatai. Kauboi kavaa koti refu jeusi, farasi wake anang'aa, hata vumbi linapendeza. Anawatafuta waliomuua baba yake, mmoja mmoja. Kila alipoanguka mtu, watu walipiga miluzi, na jamaa wa nyuma akapaza sauti, "Mwongeze!" Nami nikapiga makofi. Magesa peke yake hakupiga.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Dada, umeona huyo alienda polisi?"

"Ile ni picha tu, Magesa."

"Sisi tulienda. Wanatuambiaga tusubiri. Na wewe umepiga makofi."

Alasiri akapanda gari la Bunda, njia ya kurudi Mugeta, upinde wa baba ameuzungushia kanga yangu. Nilimshika mkono pale stendi, akautoa polepole, bila hasira. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Jioni hii nimepiga magoti kumwombea arudi salama. Nilianza vizuri. Halafu nikausikia mdomo wangu mwenyewe unamwomba Mungu kwamba Magesa awapate.