Siku Moja Aliyobakisha Mama

Ikwiriri, Rufiji.
26 Januari 2026.

Mpendwa mdogo wangu Haidari,

Assalaam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nangurukuru, na kwamba kile kifua chako cha usiku kimetulia. Sisi huku tu wazima. Mama anasumbuliwa na presha yake lakini anaidhibiti kwa vidonge na ubishi. Mvua zimenyesha, mpunga wa bondeni umeshika vizuri.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei. Ni Iddy aliyenipigia kunieleza kwamba uko kwake, unamsaidia kupiga randa karakanani, na kwamba tangu ufike hujavuta unga. Nililia kwa furaha mbele ya sufuria ya maharage. Nikamwambia Iddy asikwambie, sasa nakwambia mwenyewe.

Niingie kwenye lililonikalisha kitako. Nakumbuka asubuhi ile ya Desemba uliyokuja jikoni pale soba hausi kuchukua uji. Ulikuwa umetimiza siku mia na hamsini. Nikakwambia, "Umebakiza mwezi tu, mwanaume. Usituangushe, mshahara wangu uko mabegani mwako." Nilisema kwa utani, lakini ulikuwa utani wenye nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo uliyoondoka nayo.

Unaujua mpango wenyewe. Zamani wafadhili walituletea fedha za chakula na dawa kila baada ya miezi mitatu, apone mtu asipone. Mwaka jana wakabadilisha: sasa wanalipa kwa kila anayemaliza miezi sita na kipimo cha mkojo kikaonyesha hana kitu. Akiteleza siku moja, anahesabiwa upya kuanzia sifuri. Mimi mpishi sikuona ubaya. Nani asiyependa kulipia kazi iliyokamilika? Ubaya niliuona mzee mmoja, Mzee Saadi, alipokuja kutoka Ngarambe na kifurushi chake kuomba kitanda, akaambiwa asubiri kwanza, kwa kuwa alishawahi kurudia unga mara tatu. Mwalimu Hilari hana roho mbaya, na wewe unamjua. Ila mkuu wa nyumba akishapewa hesabu ya namna hiyo, huanza kuchagua watu kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Kwa hiyo ulipokwenda Kibiti kufuata kitambulisho, ukakutana stendi na yule rafiki yako wa zamani, ukavuta mara moja, najua kilichokurudisha usiku ukafunga begi. Hukukimbia kipimo. Uliona bora uondoke kuliko kutuharibia wote. Ulimwachia Hilari kikaratasi cha kuomba radhi, na mimi hukuniachia hata neno. Hilo liliniuma, mdogo wangu, mpaka nilipokumbuka maneno yangu ya asubuhi ile. Nisamehe.

Baada ya wiki mbili alikuja afisa wa wafadhili kutoka Dar, dada mmoja mpole anaitwa Elieth. Hilari alitaka jina lako liandikwe "amehamia kwa ndugu", maana aliyehama hatuharibii hesabu. Alifanya hivyo kutulinda. Mimi nilikuwa naleta chai, na wewe unajua ulimi wangu. Nikasema mficha uchi hazai. Nikamweleza Elieth kwamba umeteleza siku moja, na kwamba umekimbia kwa ajili yetu. Aliipekua fomu yake. Akaniambia hakuna mahali pa kuandika hayo, akaandika "amerudia". Malipo yako hayakuja, mshahara wangu ukakatwa nusu, na mpaka leo tunakula dagaa siku tano kwa wiki. Hakuna aliyekufa.

Hilari alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja jikoni akasema kwamba hesabu imeshaharibika, basi Mzee Saadi aitwe aje. Amekuja. Anakoroma mno. Kitanda chako cha dirishani alikitaka, Hilari akamwambia kina mwenyewe.

Sasa la Mama. Nilimficha kwa muda, kisha nikashindwa. Nikamwambia siku zako zote mia na hamsini zimefutwa. Alikuwa anapepeta mchele, akaniuliza kama vile tunazungumza habari za Ramadhani:

"Kala siku ngapi?"

"Moja, Mama."

"Basi ana siku moja ya kulipa. Hizo nyingine nani kamnyang'anya?"

Mimi si shehe, najua unga na funga ni vitu viwili mbalimbali. Lakini tangu siku ile nimeacha kuhesabu kama fomu.

Kuna jambo jingine hulijui. Ramadhani iliyopita Mama alikula siku nne kwa malaria. Presha ikamchelewesha kuzilipa, akaanza Novemba, Alhamisi kwa Alhamisi. Wiki niliyomwambia habari zako ilikuwa imebaki siku moja. Alhamisi ile nikamkuta asubuhi anakunywa chai na chapati, bila wasiwasi. Nikamuuliza vipi, hakufunga? Akasema, "Namngoja mwenzangu." Na Alhamisi zote zilizofuata amekunywa chai. Mtu asiyewahi kuvusha deni la funga mpaka Ramadhani nyingine, Haidari, na Shaabani hii imeshaanza.

Nisalimie Iddy na mkewe Salima, waambie nawashukuru kwa kukuweka. Shangazi Mwanabaraka anakusalimu, na Mzee Saadi pia, ingawa hakujui. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na akupe moyo mwepesi.

Barua hii nampa kondakta wa basi, ataiacha kwa Iddy. Basi la kurudi linapita hapo asubuhi. Ukifika Jumatano, nitakuamsheni wewe na Mama kula daku ya Alhamisi.

Dada yako akupendaye, upokee simu usipokee,

Mwanawetu