Kucha za Mama Mbonea

Jumatatu, 2 Juni
Miezi kumi na moja tangu nitoke Kasulu. Asubuhi nimekata mkonge, mchana nimefungua benchi langu la kucha hapa Same mjini. Wateja wawili tu, wote wamekuja kulalamika. Jeli niliyowapaka kwenye kucha imepasuka. Nimechoka kuitwa tapeli.

Alhamisi, 5 Juni
Nimejua kosa. Ni mimi. Miiba ya mkonge ikinichana najipaka mafuta ya mgando, halafu kwa vidole vilevile nashika kucha za watu. Jeli haishiki penye mafuta. Nimenunua spiriti na sabuni. Mafuta nitapaka nikishafunga benchi. Mikono itauma, basi.

Ijumaa, 13 Juni
Mama Mbonea ameshuka na tangawizi zake kutoka Myamba, kule milimani. Mjane, umri wa mama yangu. Anaosha tangawizi kutwa, ndiyo maana kucha zake hupasuka kuliko za wote. Alitaka nimpake nene ili zidumu. Nikakataa. Nene ndiyo inayovunjika kucha ikipinda. Nimezikata fupi, nikazifuta kwa spiriti, nikapaka nyembamba mara tatu, kila mara chini ya taa ya kukaushia, na ncha nikazifunika vizuri maji yasipenye. Damu ya mzee, rangi aliyochagua mwenyewe. Mkono mmoja ukiwa kwenye taa, ule mwingine hugonga benchi kwa kucha. Tk, tk, tk. Hiyo ndiyo tabia yake.

Nikamwambia avae glavu akiosha tangawizi.

"Glavu? We fundi, unataka niwe nesi wa tangawizi?"

Mwanawe anakuja kutoka Mwanza, hawajaonana miaka mingi. Akasema zisipasuke kabla Mbonea hajamwona. Ajue mama yake naye ni mtu.

Nikamwahidi.

Jumanne, 24 Juni
Mama Mbonea amefariki. Presha. Ameanguka palepale anapooshea tangawizi. Dereva anayeshusha mizigo kutoka kwao ndiye aliyeniambia. Mkonge sikukata.

Jumatano, 25 Juni
Niko Myamba. Wifi wa marehemu ndiye aliyeniita. Kanisani kwao hawamziki mtu akiwa na rangi ya kucha, kwa hiyo niitoe. Nikaonyeshwa mikono. Hakuna hata kucha moja iliyopasuka. Kazi yangu nzuri kuliko zote, na ipo kwenye maiti.

Jeli haifutiki hivihivi, inakwaruzwa. Nikaomba asubiriwe Mbonea kwanza, amwone.

"Kwani wewe nani kwa marehemu?"

"Fundi wake, mama. Nilimwahidi."

Akaifunika mikono ya marehemu kwa shuka. Nimelala kwa jirani. Nikifumba macho nasikia tk, tk, tk kwenye ubao wa kitanda. Naogopa. Sioni aibu kuandika hivyo.

Alhamisi, 26 Juni
Mbonea amefika. Rika langu. Alikaa chini, akashika mikono ya mama yake, akapitisha kidole juu ya kucha moja moja. Akacheka. Kisha akalia kwa sauti.

"Mama, umependeza."

Mimi nilikuwa nimesimama na msasa mkononi. Akauona.

"Usimkwaruze mama yangu."

Watu wote wakamtazama wifi. Akatoka. Nikadhani anakwenda kuita wazee wa kanisa. Akarudi na glavu nyeupe. Akamvisha mwenyewe, polepole, kidole kwa kidole, mpaka rangi yote ikafichika.

Glavu. Nilishindwa kukaa ndani.

Jumapili, 29 Juni
Benchi liko wazi, hakuna mteja. Tk, tk, tk bado ipo. Nimeacha kugeuka kutazama.

Nimempigia mama yangu kule Kasulu, nikamuuliza kucha zake zikoje. Akasema nimelewa. Kisha akaniambia zimekatika zote kwa kulima.

Ile damu ya mzee imebaki kidogo kwenye chupa. Nimeizungushia shati, nimeiweka chini kabisa ya begi. Nitakuwa nyumbani kabla ya mvua za kwanza.