Mwali Hakanyagi Chini

Jumamosi, 14 Juni 2025. Kibaha

Nimepita! Lugha nimepita, shabaha nimepita — risasi zote ndani ya duara, wanaume wa kituoni wakabaki kutazamana. Bado kuendesha gari tu, Alhamisi. Nikipita hapo Umoja wa Mataifa wananichukua, mwaka mzima Sudani Kusini, kukaa na akina mama wa kambini na kusikiliza yale wasiyoweza kumwambia askari mwanaume. Kazi ileile ya hapa Dawati la Jinsia, ila mbali, na kwa bereti ya bluu. Bereti ya Inspekta Eugenia, mtahini wetu, nimeijaribu alipokwenda kunawa. Imenikaa!

Tatizo ni rivasi. Mbele naenda vizuri. Nyuma — Mungu wangu. Jana mazoezini nimeangusha karibu nguzo zote. Konstebo Kasiani, yule wa Misugusugu ambaye naye anafanya testi, akaniuliza hizo nguzo zimenikosea nini. Nimecheka, lakini moyoni nimeumia. Nikikosa, nafasi inakwenda mkoa mwingine, na sijui lini watataka tena mwanamke kutoka Pwani.

Faraji ameshauri niende Mzenga kwa mjomba Mwinyijuma. Mjomba ana pikapu ya kubebea machungwa na barabara isiyo na magari. Mume wangu ni mwalimu, akili anazo. Naondoka kesho, ruhusa ninayo hadi Jumatano.

Jumapili, 15 Juni. Mzenga

Akili anazo, siri hana. Amempigia mama simu, na kumwambia mama ni kutangaza msikitini. Sijashuka vizuri kwenye bodaboda, vigelegele! Somo yangu Bi Kudra, aliyenifunda nilipovunja ungo, kakaa mlangoni na kaniki mkononi. Nikampa shikamoo. Kaitikia marahaba, kanishika mkono, kaniingiza ndani.

Ndani kabisa! Nimewekwa ndani kama mwali. Nikamwambia, somo, mimi nilishachezwa zamani, nina mume, nina cheo. Akasema mlango usioujua, ukiuendea, wewe ni mwali tena, na huu wa kwenda kwenye vita vya watu hakuna aliyenifunda. Sitoki mpaka nitolewe. Lini? Jumatano.

Na testi Alhamisi! Pikapu ipo hapo nje, naiona dirishani, kuku wamelala juu ya boneti.

Wamenipaka liwa. Koplo mzima wa polisi, uso wa manjano. Nimecheka mpaka mama kanikemea.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi mafundisho. Mengi siandiki, ya ndani hubaki ndani. Moja naliandika kwa sababu nitakwenda nalo kazini. Somo kasema nikifika kwa hao akina mama nisianze na maswali. Nitafute mchi nitwange nao. Mwanamke ukimtumbulia macho ukamuuliza, atakwambia hajambo. Mikono yake ikiwa kazini, ndipo mdomo unafunguka. Sisi dawatini tunawakalisha kwenye kiti, tunawatazama usoni! Nikirudi nitapeleka mchicha ofisini tuwe tunachambua pamoja.

Mchana nikapiga magoti nikamweleza somo habari ya rivasi. Nikamwambia wazi: nisipoweza kuendesha, siendi popote, na liwa yote hii imeharibika bure. Akafikiri sana. Akamwita mama, wakanong'ona. Mwali hakanyagi chini, hilo kila mtu analijua, ndiyo maana siku ya kutoka anabebwa begani. Lakini mwali akiwa ndani ya gari miguu haigusi ardhi!

Basi mjomba kanibeba mgongoni hadi kwenye usukani, analalamikia kiuno njia nzima. Miguu mitupu, maana mwali havai viatu. Kaniki kichwani, nimeachiwa macho. Somo kiti cha pembeni, anashikilia mlango kwa mikono miwili. Nyuma, katikati ya magunia ya machungwa, akina mama na ngoma yao. Nikaingiza gia. Tukaruka kama chura, injini ikazima. Wakapiga vigelegele hata kwa hilo!

Jumanne, 17 Juni

Dawa imepatikana. Somo ndiye kaipanga: nikirudi nyuma sawasawa, wote wanaimba. Nikianza kwenda upande, waliokaa upande huo wananyamaza. Kushoto kimya — nakata usukani. Kulia kimya — nakata huku. Nimetoka dukani hadi msikitini kinyumenyume bila kugusa mgomba hata mmoja! Nikarudia. Nikawaomba wanyamaze wote, nikaenda kwa macho yangu na vioo. Nikafika! Klachi naisikia kwa kidole gumba cha mguu, inapokamata najua papo hapo. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu. Nimeshindwa kula.

Jioni mama alikuwa anachambua kisamvu. Kaniambia bila kuinua macho:

"Unakwenda kuwalinda wanawake wa watu. Wewe nani atakulinda?"

Nikamtajia wenzangu, redio, silaha, walinzi wa getini. Akatikisa kichwa. Kumbe siku zote mbili alikuwa nyuma ya pikapu akinitazama, na ameona kitu ambacho mimi nilikiona mchezo.

"Siku mambo yakiharibika, hiyo rivasi ndiyo itakayokutoa. Ukishindwa, usiende. Na ukipita kwa kubahatisha, mwanangu, pia usiende."

Nikavuta majani nami nikachambua. Tulipofika katikati ya fungu ndipo akasema kwamba anaogopa, anaogopa sana, na kwamba anajivuna mpaka anaona haya mbele ya majirani. Nikamwambia mimi pia.

Jumatano, 18 Juni. Kibaha tena

Nimetolewa! Begani kwa mjomba, ngoma, kanga mpya, wali wa nazi. Somo kanitemea mate kidogo kichwani, kaniombea dua, kanifukuza. Faraji kanipokea stendi na uso wa mkosaji. Nimemsamehe kabla hajafungua mdomo. Buti nimezipiga kiwi zinang'aa. Kesho!

Alhamisi, 19 Juni. Uwanjani

Naandika ndani ya gari la akiba. Tumeruhusiwa kuzoea pedali hapahapa lilipoegeshwa, injini inawaka. Kasiani yuko kwenye nguzo sasa, baada yake mimi.

Wamekuja! Pikapu ya mjomba ipo nje ya uzio, somo, mama, ngoma, magunia, wote. Inspekta Eugenia kauliza hao ni nani. Kasiani kamjibu ni kwaya ya Koplo Zuwena. Inspekta karibu acheke, halafu kaagiza wanyamaze testi ikiendelea. Sawa. Wimbo siuhitaji.

Lakini — buti! Mjinga mimi. Siku zote mbili nimeendesha peku, mwali havai viatu, na wala sikuwaza. Sasa nakanyaga klachi, nahisi soli tu. Sijui inakamata wapi. Nimeachia, gari limekurupuka, limezima. Limezima tena.

Kasiani aliyaona hayo kabla hajaitwa, kaninong'oneza nizivue. Inspekta anasimama kule kwenye nguzo, nani atatazama miguu? Nikavua. Kidole gumba kikaipata klachi hapohapo, gari likatii. Raha iliyoje! Nimepita, nikajisemea, bereti hiyo yangu.

Halafu nikatazama uzioni. Mama kashika waya kwa mikono miwili. Miguu yangu haioni, iko chini ya dashibodi. Angeona gari limerudi vizuri, angepiga vigelegele, angeniachia niende. Na kule siku mambo yakiharibika, saa ya kuvua buti nitaipata wapi?

Nimezivaa tena. Nakanyaga, naachia. Hakuna. Nakanyaga. Hakuna. Nimelegeza kamba za mguu wa kushoto, nasukuma kwa mbele ya unyayo — hapo. Hapo pana kitu, kwa mbali. Tena. Kimepotea. Tena — hapo!

Kasiani kaangusha moja. Anarudi anacheka mwenyewe.

Inspekta anaita jina langu. Uzioni wamenyamaza wote, kama walivyoamriwa, walio kushoto na walio kulia. Nafunga kamba za buti, ya kushoto nailegeza kidogo, kalamu naiweka. Naenda.