Fimbo Fupi ya Kuvulia Barafuni

Mama Neema mpenzi,

Johannesburg kuna jua la kuanika mahindi, nami nanunua vifaa vya kuvulia kwenye barafu! Mwanetu Daudi ananisubiri Kanada tukavue pamoja. Dukani nilichagua fimbo ndefu, kama zile za Kisumu. Binti yetu Neema, aliyenisindikiza, akacheka: "Baba, shimo la kuvulia kwenye barafu litakuwa miguuni pako. Ukitumia hiyo utamnasa jirani kwa ndoana!" Nikachukua fupi, kekee ya kutobolea barafu na kigoda. Ulisema hutapata usingizi nikikanyaga barafu, kwa hiyo nimeongeza misumari miwili yenye vishikio, inayovaliwa shingoni, ya kujivutia juu barafu ikipasuka. Nakuandikia nikiwa nimeivaa, na Neema bado anacheka. Lala usingizi, mwenzangu, nitarudi mkavu.

Wako,
Baba Neema